Kikohozi nilichokisingizia salfa

Kwetu Newala ukikohoa mwezi wa saba hakuna anayekuuliza. Mikorosho inapulizwa salfa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, vumbi la njano limetanda, kila nyumba kuna mtu anakohoa. Nami nikakohoa wiki tatu bila wasiwasi.

Nina kisukari, mwaka wa 14 sasa. Nilipoanza kukonda nikasema sukari imepanda. Nilipoamka usiku shuka limelowa jasho nikasema imeshuka, nikalamba asali nikalala. Sikupima, na mashine ya kupimia iko kabatini.

Aliyenishtua ni shemeji yangu. "Shemeji, sie tunaobeba mashine za salfa tumeshaacha kukohoa. Wewe unayeshinda barazani unakohoa nini?"

Nikapeleka makohozi. Kifua kikuu.

Mwenye kisukari ana hatari ya kupata kifua kikuu mara 2 hadi 3 kuliko asiye nacho, kwa sababu sukari ikikaa juu, kinga ya mwili inalegea. Nimonia nayo humshika kwa urahisi zaidi. Na mimi miaka yote ya kliniki nilijua macho, figo na miguu tu! Kumbe hata mapafu yana mishipa midogo ya damu ambayo sukari huiharibu, na nyama yake hukakamaa taratibu, pumzi ikapungua. Upungufu huo huwa mdogo, wengi hawausikii. Kwa hiyo ukihema kwa kupanda kilima kifupi, usiishie kulaumu mapafu. Omba wakuangalie moyo na figo pia.

Dawa za kifua kikuu ni bure, dozi yangu ilikuwa miezi 6. Kilichonisumbua ni sukari. Ugonjwa wenyewe uliipandisha, halafu rifampisini, ile inayofanya mkojo uwe mwekundu, hupunguza nguvu ya baadhi ya vidonge vya sukari kama glibenklamaidi. Daktari akanihamishia insulini kwa muda. Nilinuna, maana kwetu mtu akianza sindano ya sukari majirani huanza kuja kumjulia hali kwa sauti ya chini. Lakini sukari ilishuka. Miguu nayo iliwaka moto kuliko kawaida, nikaongezewa vitamini B6. Ukianza dozi ya kifua kikuu ukiwa na kisukari, ulizia vitamini hiyo mapema.

Kwa hiyo kikohozi kikifika wiki 2, nenda ukapime makohozi, hata kama kijiji kizima kinakohoa, na umwambie mhudumu kwamba una kisukari. Na aliyekutwa na kifua kikuu apimwe sukari, maana wapo wanaogundulika nayo hapohapo.

Moshi wa kubangua korosho nimeukimbia. Salfa namlipa kibarua apulize, mimi nakaa upande unakotoka upepo. Shemeji anasema nimepata sababu ya kukwepa kazi.