Usimmiminie mama maji, mpeleke akapimwe sodiamu (chumvi ya kwenye damu) leo

Mkuu wa Nyegezi, achana na huyo anayekuja kumtundikia mama dripu nyumbani. Umesema ana miaka 74, anameza dawa za presha, ana kichefuchefu na tangu jana anachanganya maneno. Muuza dawa kakwambia ni malaria na upungufu wa maji, anywe kwa wingi. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, hapa hapa Mwanza.

Mama yangu alikuwa anatafuta kanga aliyojifunga kiunoni. Akawa anamwita dada yake, tuliyemzika Ukerewe zamani, aje ale. Tukaambiwa ni homa na uzee. Basi jagi la maji halikutoka kitandani, jioni akatundikiwa dripu ya glukosi. Kumbe mwili ukishaitumia ile glukosi yanabaki maji matupu, yanaizimua sodiamu ambayo tayari imepungua. Alipopata degedege ndipo tukakimbia hospitali. Majibu ya maabara: sodiamu 112, wakati kawaida ni 135 hadi 145. Malaria hakuna.

Daktari akamwaga mfuko wa dawa mezani, akaokota pakiti moja: dawa ya presha iliyochanganywa na ya kukojoza, jamii ya thayazaidi. Kwa wazee, hasa wanawake, hiyo inajulikana kwa kushusha sodiamu. Yule wa duka la dawa alimuuzia mama kila mwezi na hakuwahi kuuliza mara ya mwisho alipimwa damu lini! Hela anapokea, swali moja hana. Sijamsamehe.

Usije ukamlambisha chumvi pia. Wodini waliipandisha sodiamu polepole, wakilinda isipande zaidi ya namba 8 hadi 10 kwa saa 24, maana ikikimbizwa ubongo unaumia. Na wazee wanaolazwa sodiamu ikiwa chini hukaa wodini muda mrefu na hufariki zaidi ya wenzao, mara nyingine kwa sababu ya ugonjwa ulioishusha: nimonia, moyo, figo, ini. Mama alipona, ila kutembea bila kushikwa mkono hadi leo hawezi.

Mzee akibadilika akili ghafla, sodiamu na sukari zipimwe siku hiyo hiyo. Malaria wapime pia, lakini wasiishie hapo. Beba dawa zake zote, hata za mitishamba, usimwachishe mwenyewe. Ondokeni sasa hivi, ukipata namba ya sodiamu iandike hapa.