Kahawa ghali bila kuokota mavi ya fungo

Fungo wapo vijijini Uganda na matunda ya kahawa huyala, kwa hiyo wazo la kuokota kinyesi chao haliishi kuzuka. Usianze. Kopi luwak ya Indonesia, kahawa inayotokana na mbegu zilizookotwa kwenye kinyesi cha fungo, ilipata bei kwa sababu ya uhaba, lakini siku hizi nyingi hutoka kwa fungo waliofungiwa vizimbani, na wanunuzi makini wanaikwepa. Kahawa inayopitia tumboni mwa ndege jacu wa Brazili, au mwa tembo (Black Ivory ya Thailand), ina soko dogo lenye wenyewe.

Mkulima wa Sipi au Bududa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ana njia safi zaidi: kuchachusha matunda mazima ndani ya pipa lisiloingiza hewa.

Chuma yaliyoiva mekundu kabisa. Tunda bichi lina sukari kidogo, nalo huacha ukakasi mdomoni. Yatie majini, yanayoelea uyaondoe. Tumia pipa la plastiki la chakula (lililowahi kubeba dawa ya shamba halifai, hata ulisugue vipi), ujaze ukiacha sentimita 15 juu. Toboa kifuniko, pitisha mpira mwembamba, ncha yake izame kwenye chupa ya maji: gesi itoke, hewa isirudi. Weka kivulini.

Saa ngapi? Hapa ndipo wengi huharibu, kwa kufuata saa za jirani. Mbale kwenye joto uchachu hukimbia. Juu mlimani kwenye baridi hukokota. Kwa kawaida ni saa 72 hadi 120, ila kinachoamua ni kipimo cha pH (ukali wa asidi; kadiri namba inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi) cha maji ya matunda. Kikikaribia 4, toa. Ukichelewa utapata harufu ya siki, na hiyo haiondoki hata kwa kukaanga. Kila ukifungua kifuniko unaingiza hewa, basi fungua mara chache.

Kuanika kunahitaji subira kuliko pipa lenyewe. Tandaza juu ya meza za wavu, unene wa tunda moja au mawili, ugeuze kila saa siku za mwanzo, maana matunda yaliyotoka pipani yananata na kuota ukungu upesi. Funika jua la adhuhuri na umande wa usiku. Ukiharakisha, ganda hukauka na kiini kikabaki kibichi. Tegemea wiki tatu hadi nne, mpaka unyevu ufike asilimia 11. Kisha yahifadhi bila kukoboa, kwenye mfuko usiopitisha hewa ndani ya gunia, kwa mwezi mmoja au zaidi ili ladha itulie.

Robusta ya Masaka nayo hukubali njia hii, mradi isianikwe chini kama kiboko cha kawaida, yaani robusta inayokaushwa na ganda lake.

Kilo 100 za matunda hutoa kama kilo 16 hadi 18 za kahawa iliyokobolewa. Anza na ndoo moja ya lita 20 yenye kifuniko, peleka sampuli kwa mnunuzi mwenye waonjaji, na pipa la pili lisubiri majibu yake.