Kupata nafuu kwa prednisoloni hakuthibitishi ugonjwa

Swali: Daktari, nina miaka 38, niko Tororo. Nilimaliza miezi sita ya dawa za kifua kikuu bila nafuu, ingawa makohozi yalipimwa mara mbili yasionyeshe kitu. Kampala walinikata kinyama cha tezi wakasema ni sarkoidosi, ugonjwa wa vinundu vya uvimbe mwilini. Wiki tatu za prednisoloni, kikohozi kimekwisha. Naweza kuendelea kujinunulia duka la dawa bila kurudi kliniki? Kaka yangu naye anakohoa, nimgawie?

Jibu: Dada yangu, usimgawie hata kidonge kimoja, na kliniki usiiache.

Kinachoniumiza kila wiki ni hii hoja ya "nimepata nafuu, basi dawa ndiyo hii." Prednisoloni hutuliza uvimbe wa ndani, uwe umeletwa na nini. Mwenye pumu atapata nafuu, mwenye sarkoidosi pia. Hata mwenye kifua kikuu homa hushuka na hamu ya chakula hurudi, huku vijidudu vikizaliana kwa sababu kinga imelazwa. Kaka yako akapimwe makohozi kituo cha afya cha serikali. Kipimo na dawa ni bure.

Kwako wewe, dozi hushushwa kidogo kidogo kwa miezi kadhaa, mara nyingi 6 hadi 12. Ukimeza vidonge hivi kwa wiki nyingi, tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza homoni yake. Ukikatiza ghafla unaweza kutapika, presha ikashuka, ukazimia. Isitoshe, sarkoidosi huingia machoni na moyoni, na dawa yenyewe hupandisha sukari. Nani dukani atakupima hayo?

Tena wauzaji hupenda kukuongezea kalsiamu na vitamini D, eti kulinda mifupa. Vinundu vya sarkoidosi vyenyewe huifanya vitamini D kuwa kali mwilini, kalsiamu ikajaa kwenye damu na kuumiza figo. Usimeze kabla ya kupimwa damu.

Na nyote mnaonunua unga usio na lebo kwenye paki ya taksi, ule wa "kifua sugu": ukikausha kikohozi kwa siku mbili, ogopeni. Dawa za namna hiyo zimewahi kukutwa zimechanganywa na steroidi, yaani dawa za jamii ya prednisoloni, na anayekuuzia hakwambii dozi wala namna ya kuipunguza. Kama umeutumia kwa wiki kadhaa, usiuache kimyakimya. Njoo nao kliniki, pamoja na karatasi uliyofungiwa.