Maswali ya wasomaji: Mionzi inakata DNA, sasa seli nzima zinaponaje?

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi nipo Ngamiani hapa Tanga, mama yangu amekutwa na saratani ya mlango wa kizazi na sasa hivi yuko Dar kwa mamdogo, anapelekwa Ocean Road kupigwa mionzi Jumatatu mpaka Ijumaa. Daktari katuambia mionzi inakata DNA ya seli za saratani. Sasa najiuliza, si inakata na ya seli nzima pia? Zinaponaje? Na kwanini wasimpige dozi yote siku moja tukamalizana, maana nauli ya kila siku inatuumiza, na shangazi huku nyumbani anasema bora apumzike wiki mbili apate nguvu kwanza ndo aendelee. Binti wa Ngamiani.

JIBU: Waaleikum salaam dada, pole sana, Mungu amponye mama. Naanza na la shangazi kwa sababu hilo haliwezi kusubiri. Mama asikatishe mionzi kwa ushauri wa nyumbani, hata kama shangazi anasema kwa mapenzi. Kwa saratani hii matibabu yote ya mionzi yanatakiwa yaishe ndani ya wiki 8 hivi, kwa sababu seli za saratani zilizobaki zikipewa nafasi zinaanza kuzaliana upya. Kama amezidiwa, anaharisha sana au hawezi kula, aambiwe daktari wa palepale, yeye ndo anajua kama kuna haja ya kusimamisha.

Sasa swali lako lenyewe, ambalo kwa kweli nimelipenda. Ndiyo, mionzi inakata na seli nzima. Mashine inalenga uvimbe lakini hapo karibu kuna kibofu na utumbo, navyo vinapata sehemu yake. Wewe mtu wa Tanga unaijua kamba ya mkonge, nyuzi zimesokotwa pamoja. DNA nayo ni nyuzi mbili zilizosokotana, ukikatika mmoja ule mwingine unashikilia na kuunga ni rahisi, lakini zikikatika zote mbili sehemu moja unabaki na ncha mbili zinazoelea, na hapo ndo pana hatari. Dozi ya siku moja mara nyingi ni kama grei 2 (grei ni kipimo cha mionzi iliyoingia mwilini), na kila grei 1 inaacha mikato ya aina hiyo kama 20 mpaka 40 kwenye kila seli iliyopigwa. Na mkato mmoja tu usipoungwa unatosha kuiua seli.

Inayojua kwamba kuna mkato ni protini moja kubwa sana inaitwa ATM (si ile ya benki), mnyororo wa asidi amino 3,056. Hii ni kinasi, yaani kazi yake ni kuchukua fosfeti kutoka kwenye ATP (kemikali inayobeba nishati ya seli) na kuibandika kwenye protini nyingine, na protini ikishabandikwa fosfeti inabadilika tabia, iliyolala inaamka, iliyokuwa inavunjwa inaachwa. Mwaka 2003 Christopher Bakkenist na Michael Kastan kule Marekani walionyesha kwamba ATM ikiwa haina kazi inakaa mbili mbili, zimekumbatiana na kuzibana sehemu ya kufanyia kazi. DNA ikikatika, zinabandikana fosfeti zenyewe kwa zenyewe, pale kwenye asidi amino namba 1981, zinaachana, na kila moja inakuwa huru kufanya kazi. Hata nusu grei inatosha kuamsha ATM nyingi sana ndani ya dakika chache, na mimi kila nikiisoma hii nashangaa upya, maana mikato yenyewe ni michache mno ukilinganisha na urefu wa DNA yote.

Kwenye mkato wenyewe kuna protini tatu zinazokwenda pamoja, Mre11, Rad50 na Nbs1, hizi zinazishika zile ncha na kuiita ATM ije pale. Ikifika inaanza kubandika fosfeti kwenye H2AX, hizi ni protini ambazo DNA imezungushiwa, na haibandiki pale tu, inasambaza mpaka mamilioni ya herufi za DNA pembeni ya mkato. Watafiti wakiipaka seli rangi inayoshika hizo fosfeti halafu waiangalie kwenye hadubini, wanaona vidoti vinang'aa ndani ya kiini, kwa hesabu ya karibu kidoti kimoja mkato mmoja. Vinatokea ndani ya dakika chache tu baada ya mionzi, nusu saa hivi viko vingi, halafu saa zinavyokwenda vinapungua kimoja kimoja kadiri mikato inavyoungwa, kwa hiyo unaweza kukaa ukaona kabisa seli inajitibu.

Wakati huohuo ATM inatuma ujumbe seli isigawanyike kwanza. Inaibandika fosfeti protini ya Chk2, ambayo nayo ni kinasi, inaibandika na protini nyingine inaitwa p53. Hii p53 siku za kawaida inatengenezwa na kuvunjwa hapohapo, haidumu hata saa, kwa sababu kuna protini inaitwa MDM2 inaiwinda. Ikishabandikwa fosfeti MDM2 haiishiki vizuri tena, p53 inajaa, inawasha jeni (sehemu ya DNA yenye maagizo) ya protini ya p21, na p21 inasimamisha seli kabla haijaanza kunakili DNA yake. Hapo panapatikana muda wa kuunga. Uharibifu ukizidi uwezo, p53 hiyohiyo inaiamuru seli ijiue, na ni bora ijiue kuliko ikagawanyika na kromosomu zilizokatika.

Sasa njoo kwenye saratani ya mama. Sehemu kubwa ya saratani ya mlango wa kizazi inaletwa na virusi vya HPV, na virusi hivi vina protini yao inaitwa E6 ambayo kazi yake mojawapo ni kuikamata p53 na kuipeleka ikavunjwe. Kwa hiyo kwenye seli za saratani ATM inaamka, inabandika, lakini p53 ya kupokea haipo, seli inaendelea kugawanyika na mikato yake, mara moja mara mbili, mpaka inafia humo humo kwenye kugawanyika. Seli nzima ya jirani imesimama, imeunga sehemu kubwa ndani ya saa sita hivi, kesho inapokea dozi nyingine ikiwa na nafuu. Ndo sababu ya dozi ndogo kila siku na mapumziko Jumamosi na Jumapili. Wakimpiga zote siku moja, utumbo na kibofu havitapata huo muda. Kuharisha, kukojoa kwa maumivu na uchovu ni kwa sababu seli za utando wa ndani zinagawanyika haraka, hazivumilii sana, ila nyingi zinarudi baada ya matibabu.

Umuhimu wa ATM unauona kwa watoto wanaozaliwa jeni yake ikiwa mbovu kwa upande wa baba na wa mama, jeni yenyewe ilitambuliwa 1995 na kundi la Yosef Shiloh kule Israeli. Mtoto anaanza kuyumba anapojifunza kutembea, mishipa ya macho inaonekana myekundu, kinga inapungua, saratani za damu zinamwandama, na mionzi ambayo mgonjwa mwingine anaivumilia yeye inaweza kumuua. Ni ugonjwa wa nadra, mama yako asiuwaze.

Na wewe kama una mdogo wako wa kike ulizia chanjo ya HPV kituo cha afya, ilianza kutolewa nchi nzima 2018 na ni bure.

SWALI: Shikamoo. Nasoma kidato cha sita PCB hapa Tanga. Mdogo wangu ana ualbino na tunakaa karibu na mashamba ya chumvi, jua ni kali mno. Je, jua nalo linaamsha hiyo ATM?

JIBU: Marahaba mwanangu. Jua kazi yake ni nyingine kidogo. Miale ya UV haikati nyuzi mbili, inaunganisha herufi mbili za T zilizokaa jirani kwenye uzi mmoja, mashine ya kunakili DNA ikifika hapo inakwama, uzi unabaki wazi, protini ya RPA inaufunika, halafu inakuja kinasi nyingine, ndugu wa ATM, inaitwa ATR, na mwenzie ATRIP. ATR inabandika fosfeti kwenye protini ya Chk1 na kazi inasimama mpaka pale parekebishwe. Bila ATM mtu anazaliwa akiwa mgonjwa, bila ATR kabisa hata mimba haiendelei.

Tatizo la mdogo wako haliko kwenye ATR, yake ni nzima kama yako. Melanini ndo hana ya kuzuia miale isifike, kwa hiyo makosa yanakuwa mengi kuliko uwezo wa kurekebisha, kila siku, tangu utotoni. Kofia pana, mikono mirefu, saa sita mchana awe ndani, na losheni ya jua (ile ya Kilisun inatengenezwa Moshi kwa ajili yao). Kidonda chochote usoni, masikioni au shingoni ambacho hakiponi ndani ya wiki chache, hospitali, msisubiri.

SWALI: Nimeletewa kopo la dawa ya "kuamsha ATM na kurekebisha DNA", nichukue? Msomaji, Muheza.

JIBU: Usichukue. Hakuna dawa iliyothibitishwa ya kumpa mtu mzima ATM zaidi, anayo ya kutosha. Watafiti wa saratani wanahangaika na kinyume chake kabisa, dawa za kuizima ATM au ATR ndani ya seli za saratani zishindwe kuunga mikato yake, na nyingi bado ziko kwenye majaribio. Na kama kuna mgonjwa nyumbani anayepigwa mionzi na anakunywa hilo kopo, mpelekeeni daktari wake alione.