Uliza Bustani: Njia ya matandazo isigeuke tope

SWALI: Habari za kazi. Nina kibustani cha mboga nyuma ya nyumba huku Arusha, sasa kile kinjia cha kutoka mlango wa jikoni mpaka kwenye matuta masika ikifika ni tope tupu, watoto wanaingia nalo mpaka sebuleni. Pevingi bei imenishinda. Nasikia unaweza kumwaga maranda tu ukapita, ni kweli? Na mchwa je?
Mama wa watoto wawili, Arusha

JIBU: Njema kabisa dada. Inawezekana na haiumizi mfuko, ila ukimwaga juu ya tope umekoroga uji tu.

Anza na maji. Mvua ikinyesha toka uangalie yanatokea wapi, afu upande huo wa juu chimba kamfereji kayakate kabla hayajafika njiani. Watu wengi wanachimba njia iende chini eti matandazo, yaani vipande vya mbao vya kufunika njia, yakae vizuri, kwa mvua za masika huo ni mtaro jamani! Wewe inua katikati kidogo maji yamwagike pembeni. Upana mita 1, toroli ipite bila shida.

Palilia, na ndago ing'oe na vile vitunguu vyake vya chini maana inatoboa boksi bila wasiwasi. Tandika maboksi ya dukani, toa selotepu, yapishane upana wa kiganja, yaloweshe, ndo umwage matandazo sentimita 8 mpaka 10. Vumbi la mbao hapana, linashikana na kuteleza. Tafuta vipande vikubwa vikubwa, matawi ya mgrevilea yaliyokatwakatwa ni mazuri sana, na mbao zilizotiwa dawa usichukue maana pembeni una mboga. Njia ya mita 10 inataka kama mita za ujazo 1, hapo ni kirikuu kimoja, kile kigari kidogo cha mizigo.

Mchwa watakuja dada, boksi na mbao ndo chakula chao, kwaiyo ile nusu mita ya kugusa nyumba weka kokoto, matandazo yasiguse ukuta wala fremu, na ukiona vijinjia vya udongo vinapanda ukutani vunja na umwite fundi wa dawa mapema. Kingo za njia weka mawe, mabanzi wanayamaliza.

Kila mwaka kabla ya masika ongeza mapya juu, yale yaliyooza chini chota upeleke kwenye tuta la sukuma wiki.