Panini moja, paninis mbili?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimefungua mgahawa mdogo hapa Mwanjelwa, Mbeya. Nauza kahawa ya Mbozi, maandazi, na siku hizi ile mikate ya kubanwa kwenye mashine yenye nyama na jibini ndani. Fundi wa vibao kaniandikia kwa Kiingereza PANINIS, CAPPUCCINOS, AVOCADOS. Mteja wangu mmoja Mwitaliano akacheka, akasema hakuna kitu kinaitwa "paninis". Kijana wa jikoni naye anadai kwa Kiswahili ni "mapanini". Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba. Mteja wako anasema kweli kwa lugha ya kwao, na fundi wako anasema kweli kwa Kiingereza.

Kwa Waitaliano mkate mmoja wa namna hiyo ni "panino". Ikiwa miwili, ile o inatoka, inaingia i: "panini". Basi ukimwandikia "paninis", anasikia kama wewe ungemsikia mtu anaagiza "mamaandazi". Lakini Mwingereza alichukua neno, hakuchukua sarufi yake. Alilikuta kwenye vibao likiwa "panini", akadhani ndilo jina la mkate mmoja, kisha akaupeleka wingi kwa s kama anavyofanya kila siku. Kamusi zao sasa zinaikubali "paninis". Usidhani wana kanuni moja, lakini. "Spaghetti" nayo ni wingi wa Kiitaliano, vijiuzi vingi vyenye i ileile, ila Mwingereza haibandiki s wala haihesabu: kwake ni kitu kimoja kama uji.

Kabla hatujamcheka, tutazame sahani zetu. Chipsi tumezipata wapi? Kiingereza kinasema "chip" moja, "chips" nyingi. Sisi tukaimeza s ya wingi pamoja na neno, tukaongeza i ili ulimi upite, na leo mtu anaagiza "chipsi moja" akimaanisha sahani nzima. Hapa kwetu nyanda za juu kuna mfano mtamu zaidi. Nenda Iringa vijijini msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, uulize watu wako wapi jioni. Utaambiwa wako vilabuni. Kilabu ni "club" ya Mwingereza. Tulipoipa vokali ikawa "kilabu", masikio yetu yakasikia ki- ya kiti na kikombe, na wingi ukaja wenyewe: vilabu. Hakuna kamati iliyokaa.

Waingereza wenyewe wamewahi kukosea kinyumenyume. Njegere zamani waliziita "pease", neno lenye asili ya Kilatini, na s ile ilikuwa sehemu ya shina. Watu wakaisikia kama s ya wingi, wakaing'oa, na kufikia karne ya 17 ikazaliwa "pea", njegere moja ambayo haikuwahi kuwa na jina hilo.

Sasa hizo o za fundi wako. Maneno ya vyakula yaliyozoeleka siku nyingi hupata -es, kama viazi na nyanya: "potatoes", "tomatoes". Wageni wa juzijuzi hupata s tupu: "espressos", "cappuccinos". Mwongozo huu una matundu, maana "avocado" limo katika Kiingereza tangu karne ya 17 na bado kwa kawaida huandikwa "avocados", na embe utaliona kwa namna zote mbili, "mangos" na "mangoes", bila mtu kuadhibiwa. Aliyeadhibiwa kwa kiazi ni Dan Quayle. Mwaka 1992, akiwa Makamu wa Rais wa Marekani, alimwambia mwanafunzi wa shule moja ya Trenton, New Jersey, aongeze e mwishoni mwa "potato". Mtoto alikuwa ameandika sawasawa. E ya wingi ilimponza mkubwa, na mpaka leo watu wanamkumbuka kwa kiazi kuliko kwa kazi yake.

Kijana wako wa jikoni hajatoa "mapanini" hewani. Parachichi ni maparachichi, nanasi ni mananasi, na nanasi lenyewe lilikuja na Wareno. Lakini vyakula na vinywaji vingi vilivyoingia baadaye hatuvipi kiambishi chochote; tunaacha namba iseme: keki mbili, soda tatu, bia nne, piza mbili. Panini iende na hao. Ukisikia "masoda" au "mabia", mara nyingi msemaji anaonyesha wingi wa kupita kiasi, au anakebehi. Kwenye maongezi sawa. Kwenye kibao kinacholipiwa rangi, hapana.

Mimi ningemwambia fundi afute s zote. Orodha ya bei hutaja kimoja kimoja, kwa hiyo andika PANINI, CAPPUCCINO, AVOCADO, bei pembeni, na Mwitaliano wako atakunywa kahawa yake kwa amani. MAANDAZI yaache kwa Kiswahili. Siku moja mgeni atakuja akuombe "two mandazis", a moja imepotea njiani na s imeongezeka nyuma. Ndiyo yaleyale ya panini, safari hii yametukuta sisi. Mpe mawili, ya moto.