Ploti ya skimu ya babu haina hatimiliki: tunaigawaje?

SWALI: Babu alipata ploti ya ekari 18 katika skimu ya makazi huku Nyandarua, Kenya, mwaka 1964. Yeye na nyanya wote wamefariki. Walizaa watoto tisa, wawili wametangulia, na sisi wajukuu tumeshajenga humo hadi nafasi ya kulima imekwisha. Hatimiliki hatujawahi kuiona. Tunataka kumleta mpima ardhi amkatie kila mtu chake. Tena tumesikia serikali huhamisha watu waliosongamana. Tunaweza kuomba?

JIBU: Mpima ardhi asije kwanza. Mtamlipa na kazi itakwama, kwa sababu fomu ya mutesheni, ile inayoonyesha jinsi shamba linavyokatwa, hutiwa sahihi na mwenye ardhi aliyeandikwa kwenye rejista, na nyinyi bado hamjui ni nani. Huenda ni babu, huenda ni wadhamini wa mfuko wa makazi, wale ambao wazee wanawajua kwa jina la SFT.

Watu husahau kwamba ploti hizi hazikutolewa bure. Kuanzia 1962, katika mpango wa ekari milioni moja, serikali ilinunua mashamba ya walowezi kwa fedha nyingi za mkopo na msaada kutoka nje, ikayakata na kuweka humo zaidi ya familia 30,000, wengi wao watu waliokuwa wamebanana kwenye maeneo waliyotengewa Waafrika. Aliyepewa alikopeshwa bei ya ardhi, kwa kawaida alipe kwa miaka 30, na shamba lenyewe likawekwa rehani. Huenda hapo ndipo hati yenu ilipokwama.

Basi fanyeni sachi, yaani upekuzi wa rejista, kwa msajili wa ardhi wa kaunti, mkiwa na jina la skimu na namba ya ploti. Rejista ina sehemu tatu: A inaeleza shamba, B inamtaja mwenyewe, C inaonyesha mizigo iliyo juu ya ardhi. Someni C kwa makini. Mkikuta rehani ya SFT, nendeni ofisi ya makazi mwombe taarifa ya deni pamoja na riba. Msilipe chochote kabla ya kupekua makaratasi ya mzee. Zipo familia zilizomaliza deni zamani lakini hazikufuatilia hati ya kuondoa rehani, na risiti bado zimo sandukuni. Deni likiisha, faili hupelekwa Nairobi kuandaliwa hati hiyo pamoja na ya uhamisho.

Hati hizo mtu aliyekufa hawezi kuzipokea. Kwa hiyo mirathi ianze sambamba na suala la deni: barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, ombi mahakamani, tangazo la siku 30 kwenye Gazeti la Serikali, kisha hati ya kusimamia mirathi, ambayo huthibitishwa baada ya miezi sita. Ninaposema wote nina maana ya mabinti walioolewa pia. Wakiachwa nje, wanaweza kuiomba mahakama ifute kila kitu, hata baada ya miaka. Kwa kuwa nyanya hayupo, na kama babu hakuacha wosia, watoto tisa wanagawana sawa, na fungu la kila aliyefariki huenda kwa watoto wake. Mjukuu ambaye mzazi wake yu hai hana fungu lake katika hatua hii, hata kama nyumba yake ni ya mawe.

Sasa hesabu: ekari 18 kwa tisa ni ekari mbili mbili, kabla ya kutoa njia. Kurithi tu hakuhitaji idhini ya bodi ya ardhi, lakini kurithi kwa kukata vipande vyenye hati tofauti kunaihitaji, na bodi inatakiwa kuangalia kama mgawanyo utapunguza uzalishaji. Kiwango cha chini cha ekari hakipo kisheria. Mswada wa 2015 wa kukiweka haukupita. Mimi ningewashauri mkate sehemu ya makazi peke yake, na shamba la kulima libaki moja, warithi wa mafungu yote tisa wakiandikwa kwenye rejista kila mmoja na hisa yake. Wengi hawapendi ushauri huu, maana kila mtu anataka karatasi lake la kupeleka benki.

Kuhusu kuhamishwa, msiweke matumaini makubwa. Kifungu cha 134 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinawataja maskwota na waliong'olewa na majanga, miradi ya maendeleo, uhifadhi au mapigano. Hakifungi orodha hapo, ila familia iliyojaa kwenye ardhi yake yenyewe haikutajwa, na skimu nyingi za siku hizi huwapimia watu pale pale wanapoishi. Ombi mnaweza kulipeleka kwa kamati ya kaunti ndogo inayoteua wanufaika. Anayefaa kuliandika ni yule asiye na fungu kwenye mirathi na asiye na ardhi kwingine. Mwenye ekari mbili kwa babu yake atapitwa na maskwota wote waliomtangulia.

Mtakapokwenda kwenye sachi, bebeni barua ya ofa ya 1964 kama ipo. Namba ya ploti iliyo kwenye barua hiyo wakati mwingine hailingani na ile ya rejista, na ni afadhali ofisa azilinganishe siku hiyo hiyo kabla hamjalipia kesi ya mirathi.